Kisu Kile Kilikuwa na Miaka Tisa Tu

Mtu mzima, mvi zimeshamwingia pembeni, aliingia kibandani kwangu mchana kweupe, akaweka kisu cha kukunja mezani, akasema:

"Dada, baba yako ndiye baba yangu."

Nilicheka. Tena sikucheka kwa adabu. Nilicheka mpaka mama mmoja niliyekuwa namnolea mkasi akageuka kunitazama.

Baba alikuwa na miezi mitatu tu kaburini. Na mnajua wenyewe, mzee akifa akaacha nyumba na karakana, watoto wanachipuka kama uyoga.

Nikamkagua jamaa kuanzia kichwani mpaka miguuni. Shati limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi. Viatu vimepakwa rangi kuficha nyufa. Nikajisemea, huyu kavalia urithi.

"Msemaji wa familia ni kaka yangu," nikamwambia. "Namba yake ile pale ukutani. Hizo porojo mpelekee yeye."

"Naomba dakika mbili tu nikueleze..."

"Hata moja sina."

Akainakili namba, akachukua kisu chake, akaondoka. Mimi nikarudi kwenye mkasi wangu huku nasonya.

Sasa ngoja niwaambie kiburi changu kilikuwa kinatoka wapi.

Mimi ni fundi wa visu vya kukunja. Nanoa, nabadilisha mipini, nafunga springi mpya. Lakini kilichonipa jina ni kusoma umri. Niletee kisu, nitakwambia kimetoka kiwandani mwaka gani.

Wateja wangu wakubwa ni wakusanyaji. Jamani, sijawahi kuona viumbe wenye mbwembwe kama wale!

Mtu anakuletea kisu kimeoza kwa kutu, anakwambia, "Hiki ni cha babu yake babu." Kutu! Kutu unaipika mwenyewe kwa siki na chumvi, siku mbili tu kisu kimezeeka.

Mwingine ananusa mpini, anafumba macho, anatikisa kichwa kama kaona malaika. "Huu mfupa una miaka mia," anasema. Mimi napasha sindano moto, naugusa mpini kwa ndani. Mfupa ukiungua unanuka kama kucha. Wa kwake unanuka ndoo iliyoyeyuka. Plastiki. Beba miaka yako mia uende nayo, mzee.

Umri wa kisu hausomwi kwa nje. Unakunjua bapa, unatazama pale chini linapoingilia kwenye mpini. Hapo ndipo kiwanda kinapogonga chapa yake, na chapa hubadilika miaka inavyokwenda. Baba alikuwa na daftari zima la chapa alizozichora kwa penseli. Nilizikariri zote kabla sijafikisha miaka ishirini.

Basi, jioni ile ile Kaka akanipigia simu.

Kaka ni mtoto wa kwanza kwetu, na hajawahi kuuruhusu ulimwengu usahau jambo hilo. Kwenye kila kikao yeye ndiye anafungua, yeye ndiye anafunga.

"Yule tapeli kanitafuta," akasema. "Eti Baba alimpa kile kisu akiwa na miaka minne, siku alipoachana na mama yake. Huo ndio ushahidi wake wote."

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Arobaini na sita. Nimemwita Jumapili mbele ya Mama. Wewe kazi yako, mdogo wangu, ni kukisoma tu kile kisu. Ukimaliza na yeye atakuwa amekwisha."

Nikaona kama vile nimealikwa sherehe.

Jumapili tukakaa sebuleni kwa Mama. Kaka kakalia kiti cha Baba, kakunja nne. Mama yuko kwenye kochi karibu na dirisha, mikono imelala mapajani. Tangu apate habari za huyo mtu alikuwa hali chakula vizuri.

Jamaa akaja na mfuko wa machungwa. Akasema "Shikamoo Mama." Mama akaitikia kwa sauti ndogo. Machungwa hakuna aliyeyapokea, akayaweka mwenyewe chini, karibu na miguu yake.

"Leta kisu," nikasema. Hata salamu sikumpa.

Nikatoa lenzi yangu, nikaivuta mezani taa ya kusomea. Nilitaka kila mtu aone.

Mpini mfupa halisi. Ribiti za shaba, vile vijipini vinavyoushikilia mpini. Nikaona ribiti ya katikati si ya kiwandani, ilishawahi kubadilishwa. Nikaipita. Nikakunjua bapa.

Chapa ya jogoo. Na chini ya jogoo, vitone vinne.

Nikatabasamu.

"Kiwanda hiki," nikaanza, nikajikuta nazungumza kama mwalimu mkuu, "kiligonga jogoo mtupu kwa miaka mingi. Halafu, miaka kumi na miwili iliyopita, kikaanza kuweka kitone chini yake. Mwaka wa kwanza kimoja, wa pili viwili, hivyo hivyo. Hapa viko vinne. Kisu hiki kina miaka tisa."

Nikakifunga. Kikalia *tak*.

"Tisa! Wewe ulikuwa na miaka minne lini, juzi?"

Kaka akajipiga paja. "Umesikia, bwana? Umeumbuka! Mlango ule pale."

Jamaa hakuinuka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni.

"Miaka tisa ni sawa," akasema. "Ndio mwaka alionipa."

Nikakiweka kisu mezani.

"Si ulisema alikupa ukiwa na miaka minne?" nikamuuliza.

"Nani amekwambia? Nikiwa na miaka minne aliondoka, hakunipa kitu. Sikumwona tena mpaka nina thelathini na saba. Siku moja nafungua mlango, namkuta kasimama nje na begi. Akakaa na sisi wiki mbili. Siku ya kuondoka ndio akanipa hicho kisu." Akamwelekea Kaka. "Nilikueleza hivyo kwenye simu. Nikarudia."

Nikamgeukia Kaka. Mwenzangu alikuwa anakagua dari kana kwamba ina maandishi.

Hapo Mama akaingilia.

"Miaka tisa iliyopita, wiki mbili," akasema polepole. "Si ndio ile safari ya kwenda kufunga mashine kwenye kiwanda cha ngozi?"

Akajivuta mbele kwenye kochi.

"Nguo zake nilizifua mimi. Nikajiuliza, mtu gani anakaa kiwanda cha ngozi wiki mbili harudi hata na harufu?"

Nikakichukua tena kile kisu, nikaweka lenzi kwenye ile ribiti niliyoipita. Ilikuwa imekatwa kwenye waya wa shaba nyekundu, imegongwa mpaka ikalala sawasawa na mpini, kidole hakiisikii. Ni mtu mmoja tu niliyemjua aliyegonga ribiti vile: Baba. Mimi mwenyewe alinifundisha miaka miwili na bado siwezi.

Sikuiona vibaya mwanzo. Niliiona vizuri kabisa. Ila nilikuwa nimeshapata nilichokitaka kwenye vitone, nikaona kazi imekwisha.

"Kaka, ulijua?" nikauliza.

"Hata kama!" akafoka, kasimama. "Hata kama ni wa Baba, karakana nimeshamwahidi mtu. Nyumba haigawanywi upya kwa sababu ya mtu na kisu chake!"

Kumbe ndiyo hiyo. Alijua kisu ni kipya. Alijua nikiambiwa uongo wa kutosha, ulimi wangu utamfanyia kazi yote iliyobaki. Alinitumia kama bisibisi.

Jamaa akatikisa kichwa.

"Nyumba ninayo," akasema. "Mimi nilikuja kuuliza kitu kimoja. Baba alikuwa anaona vizuri?"

Akagusa chini ya jicho lake la kulia.

"Jicho langu la kulia limeshakufa. Daktari anasema ni presha ya macho, na inatembea kwenye ukoo. Kaniuliza kama wazazi walikuwa nayo. Mama yangu hakuwa nayo. Nikasema nije niulize kwenu. Na kama Baba alikuwa nayo, basi na nyinyi mkapime. Ni hilo tu."

Mama akajifunika uso kwa upande wa kanga.

Miaka yake ya mwisho Baba alikuwa anajigonga kwenye milango. Anamwaga chai pembeni ya kikombe. Kazi ya kusoma chapa akaniachia mimi, akisema macho yangu ni mapya. Na sisi tukamcheka! Tulisema uzee. Kaka alikuwa hata anamwigiza anavyopapasa ukuta, watu wanavunjika mbavu. Mimi nikiwemo.

"Kaa vizuri, mwanangu," Mama akamwambia yule jamaa. Halafu akanitazama mimi. "Menya hayo machungwa."

Nikamenya. Sijawahi kumenya machungwa na aibu kiasi kile.

Wiki iliyofuata nikaenda kliniki ya macho, na aliyenisindikiza ni yeye. Nilikuwa na uhakika sina kitu. Mimi nasoma vitone vidogo kuliko punje ya mchanga, nitakuwaje mgonjwa?

Daktari alinipima mara mbili. Presha ipo, macho yote mawili, na pembeni upande wa kushoto nimeshapoteza kidogo bila kujua.

"Ungesubiri mpaka usikie dalili," akaniambia, "ungezisubiri gizani."

Sasa hivi natia dawa ya matone asubuhi na jioni. Bado nasoma visu.

Kaka? Kaka alikataa. Alisema hawezi kupangiwa hospitali na mtu aliyeokotwa barabarani. Karakana akaiuza kweli. Mwaka mmoja na nusu baadaye akaligonga geti la nyumba yake mwenyewe kwa gari, saa nne asubuhi, jua linawaka. Alipopelekwa kupimwa, hakukuwa na la kuokoa isipokuwa mwanga kidogo.

Siku za kliniki anahitaji mtu wa kumshika mkono kuvuka barabara. Mimi niligoma, nasema ukweli, roho yangu si nzuri kiasi hicho. Anayemvusha ni yule tapeli wake. Anamwita "mdogo wangu", na yule mtoto wa kwanza kwetu anaitikia "naam, kaka", kichwa kainamisha.

Nilichojifunza ni hiki. Ukikijua kitu kimoja sana, unaanza kudhani unajua na watu. Na kabla hujasimama mbele za watu kumuumbua mtu kwa alichosema, hakikisha umekisikia kinywani mwake mwenyewe.

Na nyie mnaosoma hapa mkisema "mimi naona vizuri tu", nendeni mkapime.