Aliyekaa Nyuma ya Sitari

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha watu. Alikuwa fundi mitambo katika nyumba ya kurekodia muziki, na kabla utepe haujaanza kuzunguka aliinua mkono nyuma ya kioo na kutamka neno moja: "Kimya!" Wapiga fidla walinyamaza, mfagizi wa korido aliegemeza ufagio ukutani, hata mkurugenzi akibanwa na kikohozi alikimeza. Wenzake wakamwita Bwana Kimya, na jina likamganda kama rangi ya mlango.

Mkewe alikuwa mpiga chapa katika nyumba hiyohiyo, ghorofa ya chini, mlango wa pili baada ya ngazi. Walimwita Mama Chapa. Barua zote zilizotoka pale zilipita vidoleni mwake, na hakuna aliyewahi kumkuta akikimbizana na kazi wala kazi ikimkimbiza.

Siku moja alikuja mwalimu mmoja wa sitari, mtu mzima aliyesikika mbali, pamoja na wapigaji wanne wa nyuzi: fidla mbili, fidla nene na selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa katikati ya magoti. Walikuja kurekodi muziki mpya uliotungwa na mtu aliyekuwa bado hai, muziki ambamo sitari ya Kihindi na zile fidla zilikuwa zikizungumza, zikabishana, na mara nyingine zikanuniana. Ila muziki huo ulihitaji mtu wa sita. Nyuma ya mwenye sitari hukaa mtu na tambura, ala yenye shingo ndefu na nyuzi nne, isiyopiga wimbo wowote. Nyuzi zake huguswa moja baada ya nyingine, polepole, mwanzo hadi mwisho, zikitoa mvumo uleule ambao mwenye sitari huuegemea kama mtu anavyoegemea ukuta. Mwanafunzi aliyekuja kuipiga alishikwa na homa asubuhi ileile.

Yule mwalimu akapita ofisi kwa ofisi akitazama mikono ya watu. Alipomfikia Mama Chapa akasimama mlangoni.

"Huyu," akasema. "Mkono wake hauna haraka."

Bwana Kimya akacheka. "Mwalimu, huyo ni mke wangu. Hajui hata kupiga mluzi."

"Sihitaji anayejua. Nahitaji asiyechoka."

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kujifunza. Muziki ulianza na yeye peke yake, dakika moja na sekunde hamsini, kabla sitari haijatia neno. "Usinifuate," yule mwalimu alimwambia. "Mimi ndiye nitakayekufuata wewe. Ukisita, naanguka." Mkono wa Bwana Kimya ulipoinuka na utepe ukaanza kuzunguka, Mama Chapa alisafisha koo kidogo kwa woga, kisha akaanza. Hakusita hata mara moja kwa dakika arobaini.

Jioni Bwana Kimya alikaa kuandika sanduku la utepe. Aliandika jina la mtunzi, jina la mwenye sitari, majina ya wale wanne na ala zao. Chini ukabaki mstari mmoja mtupu. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba begani, akingoja waende nyumbani.

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Mimi sikuwemo?"

"Wa tambura haandikwi, mke wangu. Ndiyo desturi."

"Desturi ya nani?"

"Ya kazi."

Mama Chapa akacheka. "Haya, bwana. Tuseme nilikuwa feni."

Akasahau, au alijifanya kusahau. Miaka ikapita. Nyumba ile ilifungwa, tepe zikapakiwa kwenye lori kwenda kuharibiwa, na Bwana Kimya akaokoa sanduku moja tu, lile, kwa sababu alijivunia jinsi alivyoipata sauti ya selo. Naliandika hili kama lilivyo. Hakuliokoa kwa ajili ya mkewe.

Baada ya kustaafu, kila saa kumi alasiri alikaa kwenye kiti chake chenye sponji iliyochungulia mkononi, akafungua kabati la vioo na kusikiliza. Alikuwa na kanda za sitari na za sarangi, fidla ya Kihindi, alizopewa na wageni, na sahani za muziki mpya wa fidla, ule unaokwaruza na kunyamaza na kukwaruza tena. Mkewe alikaa karibu na dirisha akichambua mboga. Muziki ulipoanza, mkono wa Bwana Kimya uliinuka sebuleni kama ulivyoinuka kazini: "Kimya!" Naye Mama Chapa aliweka kisu juu ya kitambaa kisigonge sinia.

Mara mojamoja alishindwa kujizuia. "Samahani, bwana. Hawa wanapiga, au wanahamisha makabati?"

"Ukielewa, hutauliza."

"Basi nisubiri mpaka wamalize kupanga nyumba."

Yeye hakucheka. Siku hizi angetoa chochote ili asikie mzaha ule mara moja tena, lakini hilo ndilo somo la kwanza la maisha yake: ambacho hukukicheka kilipokuwapo, hakirudi kukungoja.

Mama Chapa aliugua figo, wiki kumi na moja, akafa. Simu yake ilikuwa ya vitufe, isiyohifadhi sauti. Picha zilikuwapo, nyingi tu. Siku ya mazishi kaka yake, mwashi mwenye ulimi usio na breki, alisema mbele ya watu: "Dada yangu ameishi miaka thelathini na minane na mtu wa kunasa sauti, na hata kikohozi chake hakikunaswa." Watu wakatazama chini. Maneno yale yalimwingia Bwana Kimya kama kibanzi.

Miezi kumi baadaye, akiwa amelala chali mchana, akakumbuka. Kikohozi kilinaswa! Kilikuwa mwanzoni mwa ule utepe, na baada yake dakika moja na sekunde hamsini za mkono wake, yeye peke yake, pasipo mtu mwingine.

Mashine yake ya kuchezea tepe ilikwisha kufa. Bintiye, mwalimu wa hesabu, akampeleka kwa fundi wa sauti, mwanamke wa makamo aliyekuwa na chumba juu ya duka la miwani. Sifa zake zilikuwa njema na alistahili sifa hizo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Fundi akafungua sanduku, akanusa, akagusa utepe kwa ncha ya kidole. Kidole kikatoka na vumbi la kahawia.

"Gundi imeoza. Nitaukausha kwenye joto dogo siku mbili, halafu utapita kwenye mashine mara moja tu. Ukipita, sauti itabaki kwenye kompyuta na huku itabaki plastiki. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Ndani kuna nini?"

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema. Bintiye alimtazama. Lakini Bwana Kimya alikuwa mtu asiyetaka macho yake yalowe mbele ya mgeni, na fundi mwenzake tena. Akajibu, "Sitari na fidla." Fundi akampa fomu; penye wapiga ala Bwana Kimya akanakili yaliyoandikwa kwenye sanduku, majina matano.

"Nikusafishie?"

"Safisha sana. Mimi ni mtu wa kazi hii. Sipendi takataka kwenye sauti."

Fomu ilisema pia kwamba nakala ambayo haijasafishwa hutunzwa siku thelathini, kisha hufutwa. Aliisoma akiwa na miwani yake, akatia sahihi.

Wiki iliyofuata alichukua flashi, ndogo kuliko kidole gumba. Mtu mwingine angekimbia nayo nyumbani akasikilize. Yeye aliiweka kwenye droo. Siku ya kutimiza mwaka tangu mkewe afe ilikuwa mbele, siku arobaini na nane, na alitaka shemeji yake awepo asikie kikohozi kile kwa masikio yake. Wapo watakaosema alikuwa akiutunza utamu. Nami nasema alikuwa akiutunza ushindi. Mtu aliyepewa maiti wake amwone kwa mara ya mwisho, naye akasema ngojeni kwanza nimwite ninayeshindana naye, huyo hajafiwa vya kutosha.

Siku ikafika. Wakakaa sebuleni watatu: yeye, bintiye na shemeji. Flashi ikachomekwa kwenye redio ya bintiye.

"Anaanza yeye," Bwana Kimya akasema. "Kwanza atasafisha koo. Shemeji, sikiliza hapo." Akainua mkono. "Kimya!"

Wakanyamaza. Namba kwenye redio zilikuwa zikienda: sekunde tano, kumi, ishirini. Hapakuwa na kitu. Bintiye akaongeza sauti hadi mwisho. Hata ule mchakacho wa utepe wa zamani haukuwapo. Dakika ikaisha.

Shemeji akajikuna shingo. "Dada alikuwa mpole, lakini si kwa kiasi hiki."

"Mjomba!" bintiye akamkemea.

Ilipofika dakika moja na sekunde hamsini sitari ikaingia, safi kabisa, kama imepigwa asubuhi ileile. Ikapanda, ikateleza, ikashuka kutafuta pa kuegemea, na pa kuegemea hapakuwapo. Mkono wa Bwana Kimya ulikuwa bado juu. Bintiye ndiye aliyeushusha.

Kesho yake walikuwa mlangoni kwa fundi kabla hajafungua. Aliwasikiliza, akawasha kompyuta, akatazama, uso ukambadilika.

"Mzee, mashine hii huwa naionyesha kwanza kipande ambacho hakuna anayepiga, ili ijue uchafu ukoje. Ikishaujua, huutoa mwanzo hadi mwisho. Pale mwanzoni palikuwa na mvumo mmoja, haupandi, haushuki. Nikasema ni umeme, au ni feni."

Bwana Kimya akashika ukingo wa meza.

"Na kikohozi?"

"Kulikuwa na mtu akisafisha koo. Nilimkata." Akawageukia. "Alikuwa nani?"

"Mama yangu," bintiye akasema.

Fundi akavuta faili, akatoa fomu, akaiweka mezani bila ukali wowote. "Nilitafuta. Kila sauti niliipa jina la mpigaji wake. Tazama, mzee, majina matano, na mwandiko ni wako. Wa sita hayumo."

"Ile nakala chafu?"

"Ilifutwa. Zimepita siku hamsini."

Kulikuwa na feni pale ukutani, ikizunguka. Fundi, kwa wema kabisa, akasema: "Naweza kuweka mvumo mwingine. Upo wa kompyuta, unafanana kabisa. Hakuna atakayejua."

"Hakuna aliyejua hata alipokuwapo," Bwana Kimya akajibu, akachukua sanduku lake.

Shemeji alipoambiwa hakufanya mzaha. Alikwenda kukaa na yule mzee jioni nzima, na alipoondoka alisahau kofia.

Watu wa mtaani walimlaumu fundi, na baadhi walisema angeshtakiwa. Huo ni uvivu wa kufikiri. Fundi alifuta kitu ambacho Bwana Kimya mwenyewe alikwisha kukiacha nje miaka mingi kabla, kwa kalamu, penye mstari mtupu, mke wake akiwa amesimama nyuma yake na kuuliza. Mashine ilifanya kile tu ilichofundishwa na desturi ya kazi: palipo na mvumo usiobadilika, hapana mtu. Desturi inayokutaka umsahau aliyekushikilia haifai kufuatwa hata kwa siku moja, na aliyeifuata asitafute wa kumtwika lawama.

Sasa mstari ule umejazwa. Bwana Kimya aliandika jina la mkewe kwa mwandiko uleule, na mbele yake akaandika: tambura. Utepe umo sandukuni, mweupe kama ganda la nyoka. Kila saa kumi alasiri huketi, huchomeka ile flashi, na kusikiliza dakika moja na sekunde hamsini. Sitari ikitaka kuingia, huzima.