Wamechimba duara chini ya ukuta wa jengo la kale, nami napika upande wa pili

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. Haya nimeyaona kwa macho yangu, atakayesema ni chai, kwamba natunga, shauri yake.

Mgahawa wangu uko Kahama, ndani ya jengo la kale: kuta nene za tofali za udongo, baraza ya nguzo za mbao, msingi wa mawe meupe matupu, saruji hakuna. Linalindwa na serikali. Mimi nilikatazwa hata kupiga msumari wa kalenda!

Chumba cha nyuma alipanga Baba Kulwa, eti stoo ya mpunga. Mdogo wangu Masanja akawa anambebea magunia. Nikafurahi, angalau kaachana na machimbo.

Siku hiyo mchana, wateja wamejaa, mlango wa nyuma ukagoma kufunguka. Naangalia juu, ufa mpya, vumbi linamwagikia sufuria ya wali.

Nikazungukia uani, nikasukuma mlango wa stoo. Mpunga hakuna. Kuna duara, shimo la kuchimbia dhahabu! Baba Kulwa kashika kamba.

"Nani yuko chini?"

Akachungulia mlango nyuma yangu.

"Baba Kulwa, nani yuko chini?"

"Masanja. Mama Neema, usipige kelele, tumekamata mwamba."

Wakuu, nikachungulia shimoni. Mwamba gani? Waliona mawe meupe chini ya ukuta, wakasaga kidogo, dhahabu ikaonekana, wakaanza kuyafuata. Yaani walikuwa wanang'oa msingi wa jengo!

Ningepiga kelele wateja wangekurupuka na ukuta ungeshuka. Nikainama, nikasema taratibu, "Masanja, panda. Acha kila kitu."

"Subiri dada, nimalizie hili moja."

Mungu wangu! Nikamtukana Kisukuma, taratibu hivyohivyo. Hapo akaelewa, Baba Kulwa akaanza kuvuta kamba.

Wateja niliwaambia kuna soda za ofa nje. Wa mwisho alivuka baraza na sahani yake mkononi, ukuta wa nyuma ukashuka. Stoo, duara, jiko langu lote, ila Masanja na Baba Kulwa walishatokea uani.

Nimemkumbatia Masanja nalia, vumbi halijatulia, ananiuliza: "Dada, ukuta wa mbele nao umejengwa kwa mawe hayohayo?"

Nilimzaba kofi.

Nilichojifunza: mchimbaji akikwambia kaacha, kaone mwenyewe anachofanya. Na mnaopanga majengo ya kale, chungulieni vyumba vya nyuma.

Jana nimemkuta kachuchumaa barazani, anakwangua udongo chini ya ukuta wa mbele kwa kidole. Wakuu, nimfanyeje huyu?