Auntie alivyowekewa dhahabu kwenye kope

Wakuu, niaje. Mnaonijua humu mnajua siamini kitu kabla ya kukikagua. Hii naandika vile ilivyokuwa, bila chumvi.

Auntie Njeri anauza maharagwe Shauri Moyo. Alitolewa uvimbe karibu na sikio, neva inayoendesha uso ikaumia, upande wa kulia ukalala.

Mdomo kupinda tulizoea. Shida ilikuwa jicho. Halifumbi, hata akilala. Vumbi la magunia linaingia tu.

Alitaka kumwona daktari wa macho mapema. Mimi nikasema tungoje, neva itapona yenyewe. Nilikuwa nimesoma mtandaoni.

Mwaka ukaisha. Tulipoenda, daktari akasema kioo cha jicho kina kovu, na tukiendelea hivyo ataacha kuona.

Suluhisho? Kushonea kipande cha dhahabu ndani ya kope la juu.

Nikajua tunauziwa hadithi. Kwa nini dhahabu?

Akajibu bila kukasirika: ni ndogo lakini nzito, na mwili haugombani nayo. Msuli wa kufungua jicho uko sawa. Wa kufumba ndio umelala, basi uzito utashusha kope.

"Na akilala chali?"

"Hapo uzito hausaidii. Atainua kichwa kwa mito, na kila usiku apake dawa ya kulainisha jicho."

Kwanza akajaribu vipande vya uzito tofauti, akivibandika juu ya kope kwa tepu, auntie ameketi. Cha tatu kikafumba jicho kabisa. Mimi nikaridhika, wakuu.

Lakini auntie ni mtu wa mizani.

"Daktari, ongeza kidogo. Hata mimi wateja nawapa nyongeza."

"Mama, hapa nyongeza ni hasara."

"Wewe weka tu."

Akaweka. Jicho likafumba, kufumbuka likakataa. Auntie akainua kidevu ili anione kwa jicho hilo.

"Toa. Rudisha kile kingine."

Alishonwa wiki iliyofuata kwa ganzi, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sasa anapepesa, la kulia likichelewa kidogo. Mdomo bado umepinda. Maandishi madogo yanamsumbua, kwa sababu kovu halikuondoka.

Kovu hilo ni la ule mwaka niliosema tungoje. Daktari nilimhoji kila kitu. Nilichosoma mwenyewe sikukihoji hata kidogo. Auntie hajawahi kunilaumu, na sijui kama ni afadhali.

Aliyekaa na kipande hiki miaka mingi aniambie: kinasogea? Kwenye baridi unakisikia? Na kama jicho lako halifumbi na unasoma hapa ukingoja, funga simu uende.