Santuri ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa pale sokoni Iringa alikuwa na santuri moja aliyoipenda kuliko zote, ya piano na okestra. Ikilia hakukanyaga cherehani kabisa, maana kelele zingemfunika mpigaji. Alifumba macho, pini midomoni, kidole gumba kikipapasa kitambaa. Siku moja mwaka hamsini na nne mama alimkuta hivyo, na gauni langu la harusi bado halijapindwa.

“Fundi, binti anaolewa kesho, wewe unasikiliza kinanda!”

“Mama, piano anagombana na wenzake. Ngoja wapatane.”

Lakini hakukaa bure. Alichukua sindano ya mkono akaanza kupinda kimyakimya. Piano ikienda taratibu alishona taratibu. Ikikimbia, na mkono ulikimbia. Santuri ikaisha, pindo limefika nusu. Akavuta cherehani amalizie haraka.

“Iache hiyo,” mama akamfokea. “Geuza santuri upande wa pili. Hao hawajapatana.”

Nililivaa gauni hilo kesho yake, na Iringa nzima iliniangalia. Ninalo hadi leo. Mishono ya pindo inabanana, inaachana, inabanana tena, na hakuna uzi uliowahi kuachia.