Mti wa Brashi Kabla ya Wageni wa Mahari

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti niliondoka kwenye chumba nilichokuwa nimepanga Majengo, mjini Meru, bila kujua naenda wapi. Nilikuwa na begi moja, na ndani yake makasi ya kukatia maua niliyoyanunua mtumba. Mbele ya bucha palikuwa na lori tupu. Nikamuuliza dereva anaelekea wapi.

"Manyatta, kule Embu. Nachukua mbao."

Sikuwa nimewahi kufika huko. Hilo lilinitosha, nikapanda.

Shule niliiacha darasa la saba. Tangu hapo nimefanya kazi za mikono nikihamahama, na miaka ya karibuni nimekuwa nikitunza bustani za watu. Kukata miti nilijifunza kwanza Kangeta, kwenye mashamba ya miraa, mti ambao machipukizi yake hutafunwa, na mafunzo hayo ndiyo yaliyonikosesha kazi Meru. Miraa haiogopi mkono. Ukiivuna leo, baada ya wiki chache imechipua tena. Nikadhani kila mti una tabia hiyo. Mwajiri wangu mmoja alikuwa na mti wa brashi, ule wenye maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Niliukata ncha zote. Ukajaa majani, ukapendeza, lakini mwaka mzima haukutoa ua hata moja. Akanifuta kazi.

Tangu siku hiyo sipiti mti wa brashi bila kusimama. Nimeinamisha matawi mengi ya watu kando ya barabara. Kila tawi lina mbegu ngumu zilizolizunguka kama shanga, kisha sehemu tupu, kisha mbegu tena. Penye mbegu ndipo ua lilipokuwa. Tawi lilipita katikati ya ua likaendelea kukua, kwa hiyo ua linalofuata limo nchani. Ukikata ncha kabla ya maua, umeyatupa. Subiri yanyauke, kisha kata mara moja, nyuma kidogo ya ua, ili tawi lipate muda wa kuotesha ncha nyingine.

Manyatta nilifika saa saba mchana. Karibu na kituo cha kupimia majani chai niliona boma lenye mti wa brashi mkubwa langoni. Mwanamume alisimama chini yake na kisu cha kupogolea chai, na mama mwenye boma alikuwa akimwelekeza.

"Ulete chini wote, uwe sawa kama meza. Wageni wa mahari wanakuja baada ya wiki tatu. Sitaki wakute msitu hapa."

Mdomo wangu haukungoja. "Mama, samahani. Huo usiukate sasa."

Wote wawili wakanigeukia.

"Na wewe ni nani?" akauliza mwanamume, ambaye alikuwa jirani yake.

"Mpita njia. Natoka Meru."

"Mmeru! Nyinyi miti mnaitafuna. Mlianza lini kujua kuikata?"

"Na nyinyi kila mti mnadhani ni chai."

Mama alicheka, kisha akaacha. "Kijana, binti yangu ni mmoja tu. Hao wakwe wataanza kutupima hapa langoni. Nikikusikiliza na mti ubaki hivi, aibu ni yangu. Wewe utakuwa umeshaenda."

Nilivuta tawi, nikachuma tumba moja na kulipasua kwa ukucha. Ndani ya kikombe chake cha kijani palikuwa na nyuzi nyekundu zilizokunjana, nyembamba kama za kushonea. Nikamwekea kiganjani. "Maua haya yatachanua kabla ya wageni kufika."

Mama alizitazama. Akachuma tumba jingine mwenyewe, kutoka upande wa pili wa mti, akalipasua. Nyekundu. Akachuma la tatu.

"Jirani, acha mti. Kata ule uzio wa miiba ya kayaba."

"Unamwamini huyu?"

"Naamini hiki," akasema, akimwonyesha kiganja.

"Haya. Maua yasipochanua nitarudi niukate huo mti, na yeye pia."

Nilitoa makasi yangu. Nikaondoa matawi makavu, machipukizi ya shinani, na yale yaliyokuwa yakikwaruza geti. Ncha zenye matumba sikuzigusa. Kufikia jioni lango lilionekana kutoka barabarani, na mti ulikuwa na umbo.

Mama alileta chai, akauzunguka mti mara mbili.

"Na maua yakiisha, nani atakata?"

"Mimi. Wiki ileile yatakaponyauka."

"Utakuwa wapi wiki hiyo?"

Nilitazama begi langu. Mama aliingia kwenye chumba kando ya jikoni, akatoa vikapu vya kuchumia chai kimoja kimoja na kuvipanga nje. Ndani kulibaki kitanda cha mbao.

"Lala hapa mpaka yanyauke. Na yasipokuja, wakwe utawaeleza wewe."

Nikaingiza begi langu, kisha nikamwomba msumari wa kutundikia koti.