Koili Mbili Tulizozika Rombo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo hakunipa kiti, alinipa jembe. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, suruali imenyooshwa kwa pasi, cheti kwenye bahasha, nikidhani nitakaa mbele ya mitambo yenye taa. Kumbe kazi ya kupima mawimbi ya angani huanza kwa kuchimba mtaro.

Niwaeleze, vijana mnaodhani kila kitu kimo kwenye simu. Huko juu sana, kupita mawingu na ndege, dunia imezungukwa na uwanja wa sumaku, na ndani yake mna plazima, yaani gesi ambayo chembe zake zina chaji ya umeme. Jua likiisukuma gesi hiyo hutikisika, na mtikisiko husafiri kama kamba ya nguo iliyoguswa upande mmoja. Mawimbi mengine hufuata mistari ya sumaku, ambayo kwetu huku hulala kusini kwenda kaskazini, mengine huikata. Sisi tulitaka kujua yanaelekea wapi. Kwa hiyo tulizika koili mbili, nyaya nyembamba zilizozungushwa kwenye fimbo ndefu ya chuma, moja kaskazini-kusini na nyingine mashariki-magharibi, kisha tukalinganisha michoro iliyochorwa na kalamu za mtambo.

Mkuu wa Kituo, mtu wa Tabora, mpole wa sauti, alinifundisha pale Moshi jambo moja kabla ya yote. Mawe ya huku ni ya volkano, yana chuma, yanapotosha sindano ya dira. "Usibishane na dira," alisema. "Lenga Kibo." Na kweli, ukisimama mjini Moshi, Kibo, kilele cha mlima wetu, iko kaskazini barabara. Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kwetu hata neno kaskazini hulisikii; tunasema juu, yaani upande wa mlima, na chini, basi.

Biashara huria iliporuhusiwa nchini, mjini zikajaa jenereta na mashine za kuchomelea, na kila karakana ya Njoro ikatutilia makelele ya umeme kwenye karatasi za michoro. Mkurugenzi, aliyekaa Dar, akaagiza tufungue kituo cha pili mahali patulivu. Tukapata nafasi katika mji uitwao Mkuu, kule Rombo, katika kihamba, shamba la nyumbani, cha familia moja, kati ya migomba na mibuni yao. Mkuu wa Kituo alikuwa na malaria, nikaenda peke yangu. Nilijiona bwana mkubwa, nawaambia! Nikachimba, nikalenga mlima, nikafukia. Niliporudi nikaripoti kwamba koili ya kwanza imeelekezwa mlimani, naye akasema vizuri.

Mnaoijua Rombo mmeshaanza kucheka. Chekeni tu.

Karatasi za Moshi zilionyesha mawimbi yana nguvu kaskazini-kusini. Za Rombo, siku zile zile, zikaonyesha mashariki-magharibi. Mkuu wa Kituo alikagua vikuza ishara vya mtambo, akabadilisha nyaya, majibu yakawa yale yale. Basi akaandika kwamba huenda mlima wenyewe unayageuza mawimbi, akaenda kuyasoma hayo mbele ya wanasayansi wenzake. Mkurugenzi alikuwa anakaribia kustaafu, na ilisemekana kiti kile sasa ni cha Mkuu wa Kituo.

Baadhi ya wanasayansi hao wakaja Rombo kujionea. Jioni, mwenye kihamba akatukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, tukakaa nje tukizungumza. Mkuu wa Kituo akaishusha kata yake ya pombe, akautazama mlima.

"Fundi," akaniuliza taratibu, "jua hapa linazama wapi?"

"Mlimani, mzee."

Nilijisikia nikilitamka. Kutoka Rombo mlima uko magharibi, mtoto wa darasa la pili anajua, na mimi nilijua. Ila nilipokuwa na jembe mkononi niliona juu, nikalenga juu.

Akawageukia wageni, akawaambia koili zimezikwa vibaya na alichokisoma kwenye mkutano si kitu. Nikafungua mdomo niseme ni mimi.

"Aliyemfundisha kulenga mlima ni mimi," akanikatiza. "Kesho tutachimba upya."

Kesho yake alivua koti akachimba pamoja nami. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, hata anitukane mbele ya watu. Nilichimba bila kuinua uso mpaka tukamaliza.

Ukurugenzi alipewa mwingine. Yeye alistaafu akiwa Mkuu wa Kituo vile vile, na kabla ya kuondoka akanipendekeza niwe Fundi Mkuu. Nami nilipostaafu nilichinjiwa mbuzi, nikasomewa hotuba ya umakini wangu kazini. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa naishi Rau, na mzee yule Njoro, zote hapa Moshi. Juzi nilimkuta mjini, macho yamekwisha nguvu. Nikamwamkia shikamoo, akaitambua sauti yangu papo hapo, akafurahi.

"Afadhali nimekupata wewe," akasema. "Hebu nielekeze, posta iko upande gani?"

Nikainua mkono nimwonyeshe, nikaushusha. Nikamshika kiwiko, nikampeleka mpaka mlangoni.