Jenereta Lisilo na Koki

Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa mashine ndogo za petroli: majenereta, pampu za maji, mashine za kusaga na za kukata majani. Mtaani wanamwita Koki. Mimi ni dada yake mkubwa, nauza oili na plagi kwenye kibanda kilicho mbele ya karakana yake, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, habari zake nazieleza mimi. Yeye ukimngoja aseme, utazeeka.

Jina la Koki alilitolea jasho. Kwenye mashine hizi nati ya kumwagia oili imewekwa chini kabisa, karibu iguse fremu. Ukiifungua, oili haiendi kwenye kopo. Inatambaa juu ya chuma, inazunguka miguu ya mashine, inaishia sakafuni. Kwa hiyo unainua mashine upande mmoja, unaiegemeza kwenye tofali, unachuchumaa na bakuli lako, na bado utarudi nyumbani unanuka. Ndiyo maana watu walikuwa wanaiacha oili ileile mpaka inakuwa nyeusi tii, mashine inakwama, halafu wanakuja kulia hapa kwetu.

Mdogo wangu akachoka na vilio. Akakata kipande kifupi cha bomba la chuma, akakichonga meno yaingiane na tundu la nati, akakipitisha hadi nje ya fremu na mwishoni akafunga koki, hii hii ya kufungulia maji, ila ndogo. Sasa mtu anawasha mashine kidogo ili oili ipate moto na kulainika, anaizima, anatega chupa, anazungusha koki, basi. Hakuna kuinua wala kuinama. Hata bibi mmoja mwenye pampu ya bustani, ambaye miguu yake ilishagoma, alikuwa anafanya kazi hiyo ameketi kwenye kigoda huku akitusimanga sote kwamba tulichelewa kuzaliwa na akili.

Mtaa mzima ukawekewa koki. Jenereta moja tu likabaki na nati yake ya zamani, nalo lilikuwa la mshonaji.

Mshonaji ana chumba chake mtaa wa pili, karibu na kona. Mbele kuna kibaraza, ndani kuna vyerehani, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Umeme ukikatika, jenereta linawashwa kibarazani na vyerehani vinaendelea. Ni mjane, mwanamke wa maneno machache mwenye macho yanayopima bega lako kabla hujatoa salamu. Mdogo wangu ni mgane. Watoto wake wamekua, wana miji yao, na yeye analala kwenye chumba cha nyuma ya karakana, anajipikia na kujifulia. Ukimwuliza hali anajibu salama, lakini mimi nimemlea, najua salama yake na salama ya watu wengine.

Nilianza kushuku kidogo kidogo. Oili ya jenereta la mshonaji ilikuwa inabadilishwa mara nyingi mno. Mwenye mashine ya kusaga, anayefanya kazi tangu asubuhi mpaka jua kuzama, anachukua oili kwangu mara moja, na huku mdogo wangu ameshachukua ya mshonaji mara ya pili na anapangusa chupa kwa mara ya tatu. Siku moja akarudi na kopo la oili aliyoimwaga, nikachungulia. Oili iliyofanya kazi ni nyeusi. Ile ilikuwa na rangi ya asali.

"Hii umeimwaga ya nini?" nikamwuliza. "Hata haijachoka."

"Dada, jenereta lile lina vumbi."

"Vumbi liko kwa jenereta au liko machoni mwako?"

Akaenda kuimwaga kwenye pipa la oili chafu, polepole, kama mtu anayemwaga maji ya watu. Mimi nikacheka peke yangu, halafu nikaona huruma. Siku nyingine nikamtania, nikamwambia anisalimie wifi yangu. Akageuka, uso umekunjamana.

"Neno hilo usilitumie, dada. Yule mama anajiheshimu. Likimfikia sikioni, nitaiweka wapi sura yangu?"

Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kufunga duka. Lakini nililielewa. Mwanamume wa umri wake haendi kwa mjane mikono mitupu akasema nimekuja tu. Ni lazima awe na sababu anayoweza kuishika, na yeye sababu yake ilikuwa nati ile ya chini. Ndani ya karakana, kwenye msumari juu ya meza, kilining'inia kipande cha bomba chenye koki, kimekatwa kwa kipimo cha jenereta lile na kusuguliwa mpaka kinang'aa. Alikitengeneza mapema kuliko vya watu wote. Kila mshonaji alipomwuliza, alimwambia saizi yake haijapatikana.

Basi hivyo ndivyo alivyoishi. Alikwenda, akainua, akaegemeza kwenye tofali, akachuchumaa, akamwaga oili nzima na kutia nyingine. Mshonaji alimpa vitambaa vyeupe, mabaki ya mashati, apanguse mikono. Havikupangusiwa kitu. Nilivikuta siku moja chini ya mto wake nilipoingia kumkusanyia mashuka, vimekunjwa vizuri, safi kama vilivyotoka kwenye mkasi. Nilivirudisha palepale, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake.

Mambo yaliharibika siku aliyokwenda kubadilisha oili bila oili. Sikutanii. Alivaa shati safi, akachukua spana, faneli na bakuli, akaniaga, akaondoka, na chupa ya oili ikabaki mezani pangu. Nikafunga kibanda, nikamfuata nayo huku nikicheka njia nzima. Nilipofika nilimkuta ameshaanza. Alikuwa ameinama, ameinua jenereta upande mmoja, anatafuta tofali kwa mguu. Ghafla akatoa sauti fupi na hakunyooka tena. Mgongo ulikuwa umekaza. Alibaki vilevile, amelishika jenereta, hawezi kuliacha wala kuliinua.

Mshonaji alitoka mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akalipokea jenereta, akaliteremsha, akamshika mdogo wangu kiwiko na kumkalisha kwenye kiti cha wateja.

"Niwekee koki, fundi," akasema. "Kama wenzangu wote."

"Lako saizi yake..."

"Itafute. Sitaki kukuona ukilinyanyua hili dude tena."

Mdogo wangu alikaa pale akiangalia sakafu. Mimi, niliyesimama mlangoni na chupa yangu, nilimwona akisikia maneno yale, na nilijua yameingia wapi. Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, akasimama.

"Amenichoka, dada," akasema. "Na ana haki."

Mgongo ulipolegea akakitungua kile kipande kutoka kwenye msumari. Nikamwambia asijifanye mjinga, aseme kimevunjika, aseme chochote. Akasema mteja ameomba kazi, na kazi inafanywa. Akaenda nacho. Mimi nikajitia nimepeleka kitambaa cha sketi ili nione.

Aliifanya kazi ile kwa utulivu mpaka nikatamani kumpiga kofi. Alisafisha tundu, akazungushia tepe nyeupe kwenye meno ya bomba, akalikaza, akatia oili, akawasha na kungoja aone kama kuna tone linalovuja. Hakikuvuja chochote. Kisha akamfundisha mwenyewe: pasha moto kidogo, zima, tega chupa, fungua, ngoja mpaka iishe, funga, tia mpya, chomoa kijiti cha kupimia na ukipanguse kwa kitambaa cheupe uone kiasi na rangi. Mshonaji alirudia kila hatua bila kukosea hata moja. Mikono iliyozoea kutia uzi kwenye sindano haipati tabu na koki.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi hunihitaji tena," akasema mdogo wangu, akacheka.

Mshonaji hakucheka. Alimtazama, akafungua mdomo, na wakati huohuo mteja akaingia akidai suruali yake ya harusi iliyopaswa kuwa tayari. Mdogo wangu akafunga mfuko wa vifaa na kuondoka. Na kama vile hiyo haitoshi, kesho yake alimtumia mtu na galoni zima la oili, zawadi, eti asihangaike. Hapo nilipandwa na hasira za kweli.

"Galoni zima! Ungempelekea chupa moja basi, ili ikiisha aje dukani kwangu! Umeziba mlango, ukaziba na dirisha!"

"Nilitaka asipate shida," akasema.

Tangu hapo nilimwona mdogo wangu akipungua. Kazi alifanya, kula alikula, lakini akili yake haikuwepo. Umeme ulipokatika mchana, mtaa wote ulinguruma kwa majenereta, kila moja na sauti yake, na mimi sikuweza kutofautisha hata moja. Yeye aliacha nyundo hewani. Aliinamisha kichwa kuelekea mtaa wa pili, akabaki hivyo. Mwanzoni nilidhani ana tatizo la masikio.

"Lake lile," akaniambia siku moja, kwa sauti ya chini. "Linalokohoa kidogo linapoanza, halafu linatulia."

"Nenda basi ukalitazame, kama linakohoa."

"Halina ubaya. Ndivyo lilivyo."

Akasikiliza mpaka umeme ukarudi na majenereta yakazimwa moja baada ya jingine. Lake lilipozima aliendelea kusimama kidogo, kisha akainua nyundo. Nilimhurumia hadi nikakosa utani wa kumtania. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulitegea sikio jenereta la watu, na kilichonisikitisha zaidi ni kwamba kazi yake mwenyewe ndiyo iliyomfungia nje. Bomba lile halikuwa linavuja, halingevuja mwaka huu wala ujao.

Msimu wa sare za shule ukaja ukapita. Kisha, asubuhi moja ambayo umeme ulikuwepo na mtaa umetulia, nikasikia hodi kibandani. Alikuwa mshonaji. Amevaa gauni la bluu la kushonwa na mkono wake mwenyewe, na amekumbatia chupa kubwa ya plastiki iliyoviringishwa kitambaa.

"Shikamoo, dada. Fundi yupo?"

"Marahaba. Yupo," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Yupo! Ingia!"

Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, amezungukwa na vipande vya pampu. Akasimama haraka, akajipangusa mikono kwenye suruali. Mshonaji akamnyooshea ile chupa.

"Nimeleta oili chafu. Kwangu sina pa kuimwaga, na nyinyi mna pipa."

Kweli, hilo hakuna aliyelifikiria. Siku zote oili iliyomwagwa aliondoka nayo mwenyewe. Akaipokea, akaifungua kitambaa, akaenda nayo kwenye pipa. Karibu na mlango mwanga ukaipiga chupa, naye akasimama. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona alichokiona. Ilikuwa na rangi ya asali.

Akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza.

"Mama," akasema, bado amempa mgongo, "oili hii nzima. Ungeitumia bado."

"Najua."

"Sasa umeimwaga ya nini?"

"Na wewe zile zote ulikuwa unazimwaga ya nini?"

Mdogo wangu akageuka. Sijapata kumwona mtu mzima amekamatwa namna ile.

"Mimi ni mshonaji," akaendelea yule mama. "Vitambaa vyeupe ninavyo vingi. Ulidhani ukiondoka sikichomoi kile kijiti nikakipangusa, kama nilivyokuona ukifanya? Na kabla hujaja je? Nilijua tangu mwanzo kwamba unabadilisha oili safi kwa oili safi. Nikasema, mwache, huenda anapenda kuja."

"Ulisema hutaki kuniona tena."

"Nilisema sitaki kukuona ukilinyanyua lile dude." Sauti yake ikakatika, akaishika futi iliyokuwa shingoni kwake kama kawaida. "Ulikwama pale kibarazani kwangu, nikaogopa. Mume wangu alianguka palepale akibeba mzigo. Nikaona bora koki iwepo, ili ukija ukae kwenye kiti, unywe chai, usiiname. Nilikuomba uache kuinama. Nani alikuambia uache kuja?"

Mdogo wangu akabaki ameishika ile chupa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, wala hakujaribu kuyaficha. Hakuimwaga pipani. Aliiweka mezani, chini ya ule msumari mtupu.

Nikaona nisipoingilia tutasimama hapo mpaka jioni. Nikaingia na kigoda changu, nikakipangusa kwa khanga, nikakiweka karibu na meza.

"Kaa, wifi," nikasema.

Mshonaji akakaa. Nikamtazama mdogo wangu nione kama atanikemea, naye akaniambia niteleke chai.